Uvimbe wa Titi: Majibu ya Sindano Peke Yake Hayatoshi

Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo na wananchi waliokusanyika kwenye kituo chao cha kisomo. Tumeyachapa kama alivyoyasema, pamoja na maswali machache ya mwisho.

Najua pamba inawangoja, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika jambo lililotuleta.

Leo hatusomi habari za mbolea wala za kuchimba vyoo. Akina mama wa darasa la jioni wameniomba tuzungumze juu ya uvimbe wa titi. Nimekubali, maana siku hizi nasikia maneno mawili yakipita huku kwetu. Wengine wanasema kila uvimbe wa titi ni kansa, na ukienda hospitali utakatwa titi. Wengine wanasema eti hospitali hukosea, kwa hiyo mtu asiende kabisa. Maneno yote mawili yameshaumiza watu.

Mimi si daktari, ni mwalimu. Lakini nimewauliza madaktari na wauguzi, nimesoma na vitabu vyao, na nitawaeleza kwa maneno yetu wenyewe.

Naona baadhi ya akina baba wanajiandaa kuondoka. Jamani, kaeni! Nauli ya kwenda hospitali inatoka mfuko gani? Na mama akiambiwa akatwe titi, nani anaitwa kwanza kuulizwa? Basi kaeni tusikilizane.

Tuanze na titi lenyewe. Ndani ya titi mna vifuko vidogo vya kutengeneza maziwa. Kuna mifereji ya kuyaleta maziwa kwenye chuchu. Kuna mafuta, na kuna nyuzi za kushikilia vitu hivyo pamoja. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuvimba. Mfereji ukiziba, unapata uvimbe wa maziwa. Vijidudu vikiingia, unapata jipu. Hata kifua kikuu, ugonjwa tunaoujua kwa kukohoa, mara chache huingia kwenye titi kikafanya uvimbe mgumu. Wasichana na akina mama vijana hupata sana uvimbe mmoja unaoitwa faibroadenoma. Huo ni mgumu kidogo, wa mviringo, hauumi, na ukiubonyeza unateleza chini ya kidole. Si kansa.

Kwa hiyo uvimbe mwingi wa titi si kansa. Lakini kansa ya titi ipo, na hapa Tanzania ni miongoni mwa kansa zinazowapata wanawake wengi zaidi. Kwa macho na kwa mkono wa nyumbani huwezi kuzitenganisha. Bibi yako hawezi. Mganga wa jadi hawezi. Mimi mwalimu siwezi. Ndiyo maana kuna kipimo.

Kansa, ambayo redioni huitwa saratani, ni nini? Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Chembe hizo huzaana kwa utaratibu. Zinapoacha utaratibu, zikazaana ovyo na kuvamia sehemu za jirani, hiyo ndiyo kansa. Kwa hiyo mpimaji anayetafuta kansa anatafuta chembe hai zilizoharibika. Huziangalia kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo.

Sasa sindano. Mganga huchukua sindano nyembamba, haitofautiani sana na ile ya kuchomea dawa. Huichoma ndani ya uvimbe na kuvuta. Vinatoka vitone vichache. Hupakwa juu ya kipande cha kioo, hutiwa rangi, kisha huangaliwa kwa hadubini. Kazi ya kuchoma ni ya dakika chache tu. Mama haongezwi damu, halazwi, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kipimo hiki si kigeni. Mwaka 1930, kule New York, Marekani, watu wawili walioitwa Hayes Martin na Edward Ellis waliandika habari za kuvuta chembe za uvimbe kwa sindano. Kimetumika nchi nyingi. Ni cha bei nafuu kuliko kupasua, na kimewaokoa wengi wasipasuliwe bure. Nataka hilo mlishike kabla sijasema habari za makosa yake.

Nani hapa amewahi kuona bambo? Naam, Mzee, tueleze. Sawa kabisa. Ni kile chuma chenye ncha ambacho mnunuzi wa mpunga huchoma kwenye gunia. Hutoa punje chache, huziangalia kiganjani, kisha husema gunia hili safi au gunia hili chafu. Mara nyingi husema kweli. Lakini je, bambo likichoma kwenye kona iliyokusanya pumba? Mtauza gunia zuri kwa bei ya pumba. Na likichoma kwenye mpunga mzuri, pumba zikabaki katikati? Mnunuzi ataumia yeye. Sindano ya titi ni kama bambo hilo.

Kuna na shida nyingine ambayo bambo halina. Sindano nyembamba hutoa chembe zilizokwisha kubanduka. Ni kama kumletea fundi matofali kumi ndani ya ndoo na kumwambia: "Fundi, ukuta wangu umenyooka au umepinda?" Fundi ataona kama tofali limepasuka. Lakini ukuta hajauona. Kuna uvimbe usio wa kansa ambao chembe zake, zikiwa zimebanduka hivyo, hufanana sana na za kansa. Hapo ndipo mtaalamu, hata mzuri, anaweza kuandika kansa pasipo na kansa.

Uvimbe gani huo? Wa kwanza ni ile faibroadenoma niliyoitaja. Sindano ikiingia humo hutoa chembe nyingi mno, na nyingine zina kiini kikubwa kuliko kawaida. Chembe nyingi na viini vikubwa ni dalili ambazo mpimaji huzitafuta katika kansa. Mwingine ni titi la mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Titi la namna hiyo linafanya kazi mchana na usiku. Chembe zake zimeongezeka, viini vimevimba, na zikivutwa hutoka zimetawanyika. Mpimaji asiyejua kwamba mama huyu ananyonyesha anaweza kushtuka. Halafu kuna mtu aliyepigwa au kugongwa titini. Mafuta ya ndani hufa, pakafanyika gumba gumu, na hata ngozi ya juu ikabonyea kama inavyobonyea kwenye kansa. Kuna na kiota kidogo kinachoota ndani ya mfereji wa maziwa na kutoa damu kwenye chuchu. Hicho kwa sindano nyembamba ni vigumu sana kukiamua.

Wakati mwingine kosa haliko kwenye titi. Vitone vikipakwa vibaya kwenye kioo, au vikichelewa kutiwa kwenye spiriti mpaka vikakauka, chembe hutandazika na kuonekana kubwa kuliko zilivyo. Msomaji wa kioo akiwa mgeni wa kazi hiyo, basi tena.

Nitawasimulia jambo lililotokea. Sitataja kijiji wala hospitali, maana sikuja kumshtaki mtu. Mama mmoja wa miaka 26 alikuwa na mtoto wa miezi 5. Akaona uvimbe kwenye titi la kushoto. Hauumi, lakini unakua. Alichomwa sindano, kioo kikapelekwa kwingine kusomwa, majibu yakaja: kansa. Akaambiwa ajiandae kukatwa titi.

Nyumbani pakawa msiba kabla ya msiba. Wifi yake akasema amerogwa. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mwachishe mtoto leo leo, maziwa hayo yamekwisha kuwa sumu." Mtoto akaanza kupewa uji mwepesi, akaanza kuharisha. Mama mwenyewe hakusema kitu. Alikaa tu nje ya nyumba akikamua maziwa na kuyamwaga.

Mumewe alikuwa mwanakisomo. Alichukua ile karatasi ya hospitali akaikaza macho. Imeandikwa Kiingereza, naye Kiingereza hakijui. Lakini aliona jina la mkewe. Aliona namba 26. Kisha akaona mistari mitatu ya maelezo ya mgonjwa, na yote mitatu ilikuwa mitupu. Akajiuliza, mbona hapa hakuna kilichoandikwa? Akaenda na karatasi hiyo kwa mganga wa kituo cha afya. Mganga akaitazama, akamtazama yule baba, akauliza: "Kwani mama ananyonyesha?"

Wakaandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, wakaenda na kile kioo. Kule daktari alimshika tena titi na makwapa. Akampiga picha ya altrasaundi. Uvimbe ulikuwa na mipaka safi, kama yai. Kioo kikasomwa upya na mtaalamu mwingine, sasa akijua kwamba ni titi lenye maziwa. Kisha wakatoa kinyama kidogo kwa sindano nene. Majibu: uvimbe wa vifuko vya maziwa, si kansa. Mtoto akarudishwa kwenye titi. Yale ya kuharisha yalimdhoofisha kwa muda, lakini yupo, anatembea.

Je, makosa ya namna hiyo ni mengi? Hapana. Penye wataalamu waliozoea, katika majibu 100 yanayosema kansa, mara nyingi halikosewi hata 1, au ni 1 tu. Kosa linalotokea zaidi ni la upande mwingine: sindano kusema hakuna kansa, kumbe ipo. Yaani bambo limekosa mahali penyewe. Kwa hiyo mama anayepewa majibu mazuri, na uvimbe bado unakua, arudi. Asilale juu ya ile karatasi.

Lakini hata kama kosa ni 1 katika 100, huyo mmoja ni mtu. Titi likikatwa halirudi. Dawa kali za kansa zinaangusha nywele, zinapunguza damu, zinaweza kuharibu uzazi. Ndiyo maana madaktari wamejiwekea desturi, nami naipenda kwa sababu inafanana na baraza letu la kijiji. Katika baraza, je, mtu hunyang'anywa shamba kwa ushahidi wa mtu mmoja? Huitwa mashahidi zaidi. Kwa titi mashahidi ni watatu. Wa kwanza ni mkono wa daktari na maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Wa pili ni picha: altrasaundi, hasa kwa akina mama vijana, au mamografia kwa wenye umri mkubwa zaidi. Wa tatu ni sindano. Wote watatu wakisema kansa, ni kansa kwa hakika kubwa. Mmoja akipingana na wenzake, kesi haijaisha. Hapo hutolewa kinyama.

Kinyama hicho hutolewa kwa sindano nene zaidi, baada ya kutiwa ganzi. Kinatoka kama uzi mfupi. Ndani yake matofali bado yamepangwa ukutani, kwa hiyo mtaalamu anaona kama chembe zimevamia jirani au zimekaa mahali pake. Pia kinyama kikionyesha kansa kweli, hupimwa zaidi ili kujua dawa ipi itafaa. Kwa sababu hiyo daktari akikwambia, "Mama, sindano imesema kansa, lakini nataka kinyama," usimwone kama anakuchezea wala anataka fedha. Anafanya kazi yake vizuri.

Sasa, nyinyi mmejua kusoma na kuhesabu. Tumieni kisomo chenu. Wataalamu wa kusoma chembe walikutana Yokohama, Japani, mwaka 2016, wakaanza kupanga utaratibu mmoja wa kuandika majibu ya sindano ya titi. Kitabu chake kilitoka mwaka 2020. Majibu yamegawanywa makundi 5, na hospitali nyingine huandika namba tu. Kundi la 1, chembe hazikutosha, kipimo kirudiwe. La 2, si kansa. La 3, kuna chembe zisizo za kawaida, lakini huenda si kansa. La 4, wanashuku kansa. La 5, ni kansa. Andikeni kwenye madaftari yenu. Haya, nani anieleze: mtu aliyepewa namba 3 ana kansa? Vizuri, hapana, bado haijajulikana. Na namba 4? Bado wanashuku tu. Mtu wa namba 3 au 4 asikatwe titi kwa karatasi hiyo, na asikae nyumbani pia. Huyo ndiye hasa anayehitaji kinyama. Na namba 5 nayo lazima ipatane na mkono na picha.

Majibu yakija, muulize daktari: "Daktari, majibu haya yanapatana na picha?" Ni swali la heshima, halimvunjii mtu adabu. Mkipewa rufaa, ombeni kile kioo, au kinyama kilichohifadhiwa maabara, kiende pamoja nanyi. Maabara huvitunza. Hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC zina wataalamu wa patholojia, yaani wa kusoma vioo hivyo, na kioo kimoja kinaweza kusomwa na watu wawili. Mtu wa pili huona alichopitiwa mwenzake.

Na mnapochomwa sindano, semeni kila kitu hata kama hamkuulizwa. Nina mimba ya miezi minne. Nanyonyesha. Niligongwa na mpini wa jembe mwezi uliopita. Niliwahi kutibiwa kifua kikuu. Titi hili liliwahi kupasuliwa. Yaandikwe kwenye fomu. Kama hujui kuyasema ukiwa na hofu, yaandike nyumbani kwenye kikaratasi, umpe muuguzi.

Nimesikia na hili: sindano huchokoza kansa ikasambaa. Watu wamelichunguza kwa miaka mingi. Chembe kubaki kwenye njia ya sindano hutokea kwa nadra sana, na haikuonekana kwamba waliochomwa hufa mapema kwa sababu ya kuchomwa. Kinachoua ni kukaa. Hapa nchini akina mama wengi wenye kansa ya titi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kwenda mbali, titi lina kidonda, makwapa yamejaa. Mama mmoja tuliyemfahamu hapa tarafani alikaa na uvimbe miaka miwili akitiwa majani, kwa sababu alisikia jirani aliambiwa kansa kwa makosa. Wa kwake ulikuwa kansa. Tumemzika.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, liliweka lengo kwamba tangu mtu afike hospitali na uvimbe mpaka ajue ni nini, zisizidi siku 60. Kwa hiyo kuomba kipimo cha pili ni jambo la wiki chache. Si la kungoja mavuno.

Nenda zahanati ukiona uvimbe mpya titini au kwapani, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, damu kwenye chuchu, au kidonda kisichopona.

Sasa maswali.

Baba mmoja anauliza: je, na sisi wanaume? Wenzako wanacheka, lakini umeuliza vizuri. Wanaume wana matiti, madogo, na kansa huwapata. Ni wachache, karibu 1 katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya titi. Mara nyingi zaidi titi la mwanamume huvimba kwa sababu ya umri, dawa fulani au ugonjwa wa ini, na sindano ya huko nayo inaweza kumchanganya mpimaji. Wewe nawe ukiwa na uvimbe, nenda, na uwaambie dawa unazomeza.

Shangazi pale nyuma anauliza: kama wote watatu wamesema kansa, nikikataa kukatwa? Shangazi, hapo shaka haipo tena, na kila mwezi unaopita unakupunguzia nafasi. Lakini muulize daktari kama ni lazima titi lote. Uvimbe ukiwa mdogo, pengine hutolewa wenyewe, kisha titi likatibiwa kwa mionzi. Kwa mionzi utaelekezwa pa kwenda. Ocean Road, Dar es Salaam, ipo, na Bugando pia ipo karibu nasi.

La mwisho, dada mwenye mtoto mgongoni: nimwachishe kwanza ndipo nikachomwe? Hapana, dada. Usimwachishe. Mnyonyeshe mtoto vizuri asubuhi ile, titi lilegee, kisha uende. Ukifika, kabla hawajashika sindano, waambie kwamba unanyonyesha, na ungoje mpaka waandike.